Mgogo Aliyelikana Gari la Misheni

Pombe sinywi, na siku ile sikuwa na homa. Naanza na haya mawili kwa sababu ndiyo watu wanayoniuliza kila nikisimulia, tena kabla sijafika hata katikati. Kama na wewe ulikuwa umejiandaa kuniuliza, umeshajibiwa, kaa utulie. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Tabora, saa saba mchana, jua likiwaka, nikiwa nimekula nikashiba. Nyie mnaodhani mambo haya husubiri giza, nawashangaa sana. Mimi usiku nalala vizuri. Ninaouogopa ni mchana.

Kazi yangu ni fundi wa bodi za magari. Karakana yangu iko kando ya barabara ya kwenda Urambo, imezungushiwa mabati pande zote na ina mlango mmoja tu wa mbele. Kumbuka huo mlango mmoja, maana wapo walioniambia kwamba mtu alitokea nyuma. Nyuma hakuna mlango. Nyuma kuna bati, na nyuma ya bati kuna ukuta wa jirani.

Gari lenyewe walilikuta warina asali ndani ya korongo, katika msitu wa njia ya kwenda Usinge, limefunikwa na mizizi na matope ya miaka. Ni Landrova ya zamani kabisa, zile ambazo taa zake za mbele zimebanana katikati, nyuma ya wavu. Zilizobaki nchi hii nadhani unazihesabu kwa vidole. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu, ndiyo maana lilibaki na sura ya gari. Lakini chasisi, ambayo ni chuma, ilikuwa imeoza kiasi kwamba unaimega kama muhogo wa kuchemsha.

Aliyelileta kwangu ni Dada Skola, mwalimu wa shule ya msingi pale Chemchem. Lilishushwa kutoka kwenye lori, akalitazama muda mrefu bila kuligusa, kisha akaniambia, "Fundi, mimi sitaki litembee. Nataka ulisafishe na kulitengeneza mpaka tujue kama ndilo au silo."

Nikuambie kwa nini alitaka kujua. Baba yake, Ndahani, alikuwa Mgogo wa Dodoma aliyekuja huku kikazi, akawa dereva wa gari la kwanza la misheni. Akamwoa Bibi Tekla, Mnyamwezi wa hapa hapa, wakapata mtoto mmoja, ndiye huyu Skola. Mtoto alikuwa na miezi miwili, masika, Ndahani alipotumwa kupeleka dawa Usinge. Hakurudi. Gari nalo halikurudi. Watu wakatafuta, wakachoka, na mwishowe maneno yakatulia mahali pamoja: Ndahani ameiba gari la misheni, amevuka nalo kwenda Burundi, ameoa huko, anakula samaki wa ziwa.

Bibi Tekla aliitwa mke wa mwizi kisimani, sokoni, hata kwenye benchi la kanisa. Misa ya marehemu hakusomewa mumewe, maana utamwombeaje marehemu mtu anayesemekana yu hai na ameshiba? Miaka arobaini na kitu. Kwa hiyo ulielewe gari hili vizuri. Kama ni lenyewe, Ndahani alifia kazini na Bibi Tekla ni mjane wa mtu mwaminifu. Kama silo, Bibi Tekla ni mwanamke aliyekimbiwa na mwizi. Katikati hapakuwa na kitu.

Paroko alisema kuna kitabu cha zamani misheni chenye namba ya gari lile. Akaahidi kuja nacho Jumapili ya wiki iliyofuata, asome mwenyewe. Namba ikilingana, atasoma misa hadharani.

Sasa hapo akajitokeza Mzee Masanja. Huyu ni dereva mstaafu, amewahi kuendesha kila kitu chenye magurudumu mkoa huu, na anajua kila kitu, muulize yeye mwenyewe. Akawa anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye debe langu, anabisha.

"Lile la misheni lilikuwa la kijivu," anasema. "Hili ni la kijani. Hili ni la wanunuzi wa tumbaku wa Urambo. Walikuwa nayo mengi."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Ni la tumbaku."

Nikamwonyesha chini ya fremu ya kioo, mahali ambapo jua halifiki, nilipokuta kijivu juu ya kijani. Akainama, akakwaruza kwa ukucha, akasema hiyo si rangi, ni praima, ile ya kupakwa kwanza chini ya rangi. Praima juu ya rangi! Umewahi kusikia fundi gani anapaka praima juu ya rangi? Nikamwambia hivyo. Akaniuliza, "Sawa, mifupa ya dereva iko wapi?" Kwenye gari hapakuwa na mfupa hata mmoja. Nilitaka kusema fisi, nilitaka kusema mafuriko, lakini Dada Skola alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza, nikarudi kusafisha.

Tumaini langu lote likabaki kwenye kibao. Magari haya yana kibao kidogo cha bati mbele ya dereva, chenye namba. Cha hili kilikuwa kimeganda kwa matope na ukungu, hakisomeki hata herufi. Nikakitoa kwa taratibu kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, nikakilaza kwenye kopo la mafuta ya taa kilainike. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili paroko anakuja.

Ijumaa hiyo hiyo, saa saba, wenzangu walio karakana ya jirani walikuwa wameenda kula. Masanja alikuwa amekwenda kwake kupumzika kubisha. Nimebaki peke yangu, nimeinamia kopo, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu:

"Hodi hapa kwa wapagazi!"

Nikageuka. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, shati la kaki, kaptula, katambuga za tairi miguuni. Ndewe za masikio zimetobolewa na kunyooshwa, na katikati ya paji la uso ana ile alama ya duara waliyokuwa wakichanjwa zamani. Nikamjua ni Mgogo kabla hajamaliza kucheka. Vijana wa siku hizi hawana alama ile. Nililiona hilo, nikaliacha lipite.

Unajua sisi na Wagogo ni watani. Enzi za misafara, babu zetu walipita kwao na pembe mabegani kwenda pwani, na wao wakikaa kwenye visima vyao wanatutoza hongo ndipo tunywe maji. Tulichukiana, tukazoeana, tukaishia kutaniana mpaka leo. Mtani akikutukana hukasiriki. Akitaka kitu chako humnyimi, utakikomboa baadaye kwa kitu kidogo, mtacheka. Nimelelewa hivyo. Kwa hiyo nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho Mnyamwezi yeyote angefanya.

"Karibu, Mgogo," nikasema. "Njaa imeingia tena kwenu?"

"Nimekuja kuangalia kama migongo yenu imepona. Tangu muache kubeba pembe, mna kazi gani nyingine?"

Nikacheka. Niamini, wiki nzima nilikuwa sijacheka, kwa sababu ya Masanja. Yule mtu akalizunguka gari polepole. Akaligonga madigadi mara mbili kwa mgongo wa kiganja, kisha akanusa vidole. Akatikisa kichwa.

"Silo," akasema.

"Silo nini?"

"Hili gari silo kabisa. Lenyewe halikuwahi kukwama mahali. Na dereva wake hakuwa mtu wa kuacha gari korongoni." Kisha akacheka, meno yote nje.

"Dereva wake mwizi," nikamjibu. Mungu anisamehe, nilikuwa natania tu. "Yuko Burundi na mke mpya."

"Huyo mpya anajua kupika?"

"Nasikia anajua."

Alicheka mpaka akashika gari asianguke. Na mimi nikaona nimpige la mwisho, lile ambalo mtani humpiga mtani wake anapotaka kummaliza. "Na wewe ulishakufa siku nyingi, Mgogo, ni vile tu hujapata mtu wa kukuambia."

Akanitazama. "Nani amekuambia?" akauliza, halafu akacheka tena, na mimi nikacheka zaidi yake. Ndiyo, nilicheka. Nilijipiga mapaja.

"Basi toa hongo, mpagazi, nikuachie njia," akasema.

"Chukua unachotaka. Si ndiyo kazi yenu?"

Akaingiza mkono kwenye kopo la mafuta ya taa, akatoa kibao, akakifutia kwenye kaptula. Sikumzuia. Nilijua atanirudishia nikimpa hata soda, ndiyo desturi. Akaenda nacho nyuma ya gari, upande wa bati. Nikasubiri atokee upande wa pili. Nikaita, "Mgogo!" Nikainuka, nikazunguka. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na nyayo za katambuga, na nyayo hizo zilikuwa za tope jeusi la mbugani, bichi, linang'aa maji.

Ilikuwa Oktoba. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei. Udongo wa karakana yangu ni mchanga mwekundu, na nje vumbi lilikuwa linafika kwenye kifundo cha mguu. Nililichota lile tope kwa kidole, lilikuwa la baridi.

Nilikaa chini. Sijui nilikaa muda gani. Wenzangu waliporudi wakaniuliza mbona nimekaa kwenye mafuta. Nikawauliza kama wamepishana na Mgogo barabarani. Hawakupishana na mtu. Tulipinduapindua karakana nzima, kibao hatukukiona, na hata leo hakijaonekana.

Masanja aliposikia alifurahi sana. Akazunguka mtaa mzima akisema fundi amekisoma kibao, ameona namba imekataa, amekitupa, na sasa anasingizia mashetani. Ukitaka kujua uchungu, usingiziwe uongo siku ambayo umesema ukweli ambao hata wewe huuamini. Usiku ule nilijiuliza mara mia. Kama ni mtu hai, alipita wapi? Kama si mtu hai, basi ni nani mwingine zaidi ya Ndahani? Na kama ni Ndahani, kwa nini alikane gari lake mwenyewe, na kwa nini achukue kitu pekee ambacho kingemsafisha?

Jumamosi nikaenda Chemchem kwa Bibi Tekla kukiri. Nilimkuta barazani anamenya karanga, Dada Skola yuko jikoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Kaa. Skola! Mletee fundi uji."

Nikamweleza yote, kuanzia hodi. Nilipofika kwenye alama ya paji la uso mikono yake ikasimama. Nilipofika kwenye mke mpya na kupika, akaweka ungo chini.

"Alikuuliza kama anajua kupika?"

"Ndiyo, Bibi."

Kisha akanisimulia jambo ambalo, alisema, hajamweleza hata Skola. Asubuhi ile ya safari, Ndahani alisimama pale mlangoni, majirani wamejaa wanamuaga, akapaza sauti: "Mnyamwezi, leo ndiyo basi, sirudi! Nakwenda kutafuta mwanamke anayejua kupika." Na yeye akamjibu, "Nenda, wala usigeuke nyuma." Wakacheka wote, majirani wakashika mbavu. Ndivyo walivyoishi, mtu na mtani wake ndani ya nyumba moja. Mume akisema leo sili, mke anapika sufuria kubwa. Akisema naumwa, anamtuma shamba.

Lakini gari lilipokosekana, wale wale waliocheka walikwenda kutoa ushahidi. Tulimsikia kwa masikio yetu, walisema. Alisema harudi.

"Na mimi nilishindwa kuwajibu," Bibi Tekla akasema. "Mwaka wa kwanza nilijua alitania. Mwaka wa kumi sikujua tena. Unajua fundi, utani ukikosa wa kuucheka unageuka kuwa neno. Nimekaa na neno hilo mpaka nimezeeka." Kisha akaniinamia. "Alipokuambia silo, alicheka?"

"Alicheka, Bibi."

"Una hakika?"

"Meno yote nje."

"Basi ndilo," akasema. Akacheka, kicheko kifupi cha msichana, na kabla hakijaisha kikawa kilio. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba, majirani wakatoka kwenye nyumba zao. Skola alikuja mbio akidhani nimempiga mama yake. Bibi akamwambia, "Lete wembe uninyoe. Baba yako amefariki."

Jumapili paroko akaja na kitabu chake, akakuta hakuna kibao cha kulinganisha. Akasema bila namba hawezi kuthibitisha lolote. Bibi Tekla, kichwa kimenyolewa kinang'aa, akamwambia, "Baba, wewe una kitabu. Mimi nilikuwa na mume." Paroko akafikiri, akasema kumwombea mtu si kosa, awe mwema awe mwizi. Misa ikasomwa. Mimi Mmoravian, lakini nilikaa mpaka mwisho.

Baada ya misa tulikwenda karakana, ndiko matanga yalikofanyikia, kando ya gari. Marehemu ni Mgogo, kwa hiyo watani wake ni sisi, na mtani msibani kazi yake ni kumwigiza marehemu watu wapunguze machozi. Bibi akanionyesha kidole. "Wewe fundi ndiye uliyecheka naye. Anza."

Nikaingia kwenye lile gofu, nikakaa juu ya debe, nikashika usukani usiokuwa na kitu cha kuzungusha. Nikapiga honi kwa mdomo, watu wakacheka. Nikatoka, nikaligonga madigadi mara mbili kwa mgongo wa kiganja, nikanusa vidole. Bibi vizee wote wakageuka kunitazama. Mmoja akaweka sahani chini. "Huyu kazaliwa lini?" akauliza. "Ndahani alikuwa ananusa petroli hivyo hivyo. Huyu kamwonea wapi?" Masanja alikuwa amesimama mlangoni, akaondoka bila kula. Mpaka leo anasema ni gari la tumbaku, ila halisemi tena kwa sauti, na karakana yangu haingii.

Basi wewe utadhani limeisha vizuri. Bibi Tekla sasa anaitwa mjane wa Ndahani, anakaa benchi la mbele, hakuna anayemnong'ona. Na mimi ndiye niliyemletea hayo. Nifurahi, sivyo?

Kuna jambo moja sikumwambia Bibi, wala paroko, wala mke wangu. Yule mtu alipokuwa anaelekea nyuma ya gari na kibao mkononi, alinena mara moja zaidi. Alisema, "Usihofu, Mnyamwezi. Wewe utazeeka mpaka meno yaishe."

Sasa nisaidie, maana mimi nimeshindwa. Kama yule mtu alikuwa anatania, maneno yake yote yageuzwe, basi silo maana yake ndilo, Bibi amemzika mume mwema, na mimi sina siku nyingi. Kama alikuwa anasema kweli, mimi nitazeeka, lakini gari silo, na yule mama amenyolewa kichwa kwa ajili ya mtu aliyemkimbia. Siwezi kuchukua nusu. Na kile kipimo cha Bibi, kwamba alicheka au hakucheka, hakinisaidii kitu, kwa sababu alikuwa amenipa mgongo. Nimejaribu kukumbuka mabega yake. Kuna siku naona yalitikisika, na kuna siku naona yalitulia kabisa.

Nimekonda, wenzangu wanasema. Nikikohoa nahesabu. Bibi Tekla kila nikienda kumsalimu ananipa uji, ananikazia macho, ananiuliza, "Fundi, kuna lingine alilosema?" Na mimi namjibu hapana, Bibi, hakuna lingine. Ndilo jibu langu, na namwomba Mungu kila siku, ila siku hizi sijui hata niombe alicheka au hakucheka.

Wewe unayenisikiliza, sikukatazi kutaniana. Utani ni mali yetu. Lakini mtu usiyemjua akikuingilia kwa utani mchana wa saa saba, muulize kwanza ni mtoto wa nani, na mtazame miguu. Ukiona tope wakati wa kiangazi, usimjibu neno, na usimpe hongo hata akiomba msumari.